Seli za saratani za watoto wetu zianze kukuzwa hapa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sikuliona likiguswa katika makala za mwezi Septemba, mwezi ambao dunia huutumia kukumbushana habari za saratani za watoto. Makala hizo zilieleza, tena kwa uzito unaostahili, habari za wazazi wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, dawa zinazokatika katikati ya matibabu na nauli zinazowashinda watu wa vijijini. Mimi nimefanya kazi katika maabara za patholojia kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Kanda ya Ziwa, nikipokea vinyama vinavyokatwa kwenye uvimbe wa watoto ili madaktari wapate kujua wanapambana na ugonjwa gani. Ombi langu linahusu vinyama hivyo. Pale kinapobaki kipande baada ya kutengwa kile kinachohitajika kwa uchunguzi wa mtoto mwenyewe, na pale wazazi wanaporidhia, kipande hicho kisiuawe kwa dawa wala kutupwa, bali seli zake zikuzwe zikiwa hai hapa hapa Afrika Mashariki, mpaka tupate koo za seli za saratani za watoto wetu ambazo watafiti wetu wanaweza kuzitumia.

Nieleze kwanza ninachokiita ukoo wa seli, ambacho vijana wa maabara siku hizi hukiita laini ya seli. Seli za kawaida zikitolewa mwilini na kuwekwa katika chupa yenye chakula hugawanyika mara kadhaa, kisha huchoka na kufa. Baadhi ya seli za saratani hazichoki. Zikipewa maji ya virutubisho yenye seramu ya ndama, joto la nyuzi 37 lisiloyumba na hewa yenye asilimia 5 ya kabonidayoksaidi, huendelea kugawanyika mwaka hadi mwaka, na kizazi cha leo hubeba kasoro zilezile za vinasaba zilizokuwamo katika uvimbe wa mtoto yule. Juu ya seli hizo mtafiti anaweza kujaribu dawa kabla ya kumgusa mtoto yeyote, anaweza kuzima jeni moja moja ili aone ni ipi inayoishikilia saratani, na anaweza kurudia jaribio lake mara 100 kwa kutumia seli zilezile.

Historia ya kazi hii inatuhusu sana, na nasikitika kwamba shuleni hatuifundishi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa ajabu wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda, uvimbe ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, na ambao wauguzi wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanautambua hata kabla ya mtoto kuketi. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara jijini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti aliyeitwa Anthony Epstein, ambaye papo hapo alianza kushuku kwamba nyuma ya ugonjwa huo kuna kirusi. Wakakubaliana kwamba vinyama vya watoto wa Kampala vitasafirishwa kwa ndege hadi maabara yake. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivitazama kwa hadubini ya elektroni bila kuona kirusi chochote, na majaribio ya kuzikuza seli zake yalikuwa yakishindwa.

Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikafika maabara siku ikiwa inaelekea kwisha. Maji yaliyokuwa na kinyama hicho yalikuwa yamechafuka kama maji ya mchele. Mtu yeyote wa maabara akiona hivyo hudhani bakteria wameingia, na mkono wake huenda kwenye ndoo ya taka. Epstein hakuyamwaga, alichukua tone akalitazama kwa hadubini ya kawaida, akakuta kwamba kilichoyachafua maji hayo ni seli za uvimbe, zikielea moja moja zikiwa hai, baada ya kutikiswa na safari ndefu mpaka zikabanduka kwenye kinyama. Kuanzia hapo yeye na mtafiti mwenzake, Yvonne Barr, waliacha kulazimisha seli zishike kwenye kioo, wakaziacha zielee, nazo zikaendelea kukua. Ukoo huo ukapewa jina la EB kutokana na herufi za majina yao. Mapema mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, waliona ndani ya seli hizo kirusi ambacho hakuna aliyewahi kukiona katika kinyama kibichi. Ndani ya mwili, seli inayokionyesha kirusi hicho hugunduliwa na kinga na kuondolewa, ilhali ndani ya chupa hakuna kinga ya kukizuia kisijitokeze. Ndiyo kusema kwamba bila kukuza seli za mtoto wa Uganda kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kisingeonekana wakati ule.

Katika miaka hiyohiyo zilipatikana koo nyingine. Mtaalamu wa patholojia R. J. V. Pulvertaft alianzisha Raji na Jijoye kutokana na watoto wa Nigeria waliougua ugonjwa huohuo. Eva Klein na George Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walikuwa wakipokea vinyama kutoka Nairobi, na mwaka 1967 wakapata ukoo unaoitwa Daudi. Namalwa ulitokana na mtoto mwingine wa Kiafrika. Msomaji atagundua kwamba majina haya hayakutungwa na maabara. Daudi ni jina tunaloitana mitaani, na Namalwa ni jina ambalo mtu wa Uganda au wa magharibi mwa Kenya akilisikia hatauliza ni la wapi. Seli za Daudi na Raji zimo leo katika mitungi ya naitrojeni ya benki za seli za Marekani na Ulaya, zinaorodheshwa kwa bei, na maabara yoyote inayozihitaji huziagiza, hata ikiwa ni maabara ya Dar es Salaam au Nairobi.

Sitaki mtu adhani kwamba seli hizo zimekaa bure. Kirusi kile kilifungua njia ya kuelewa saratani nyingine kadhaa. Uchunguzi wa seli za limfoma ya Burkitt uliwaonyesha watafiti Manolov na Manolova, mwaka 1972, kwamba kromosomu ya 14, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, ilikuwa imeongezeka urefu isivyo kawaida. Miaka minne baadaye Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande kilichoongezeka kimetoka kwenye kromosomu ya 8, na kufikia mwaka 1982 ikajulikana kuwa kipande hicho hubeba jeni ya MYC, ambayo ikihamishwa mahali pake huiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Seli za Namalwa zilikuzwa katika matangi makubwa ya kiwandani ili kutengeneza dawa ya intaferoni. Kwa seli za Raji na Daudi watafiti wamepima dawa za kingamwili kama rituksimabu, na hadi leo wanaojaribu kuzifundisha chembe za kinga kuwinda saratani ya damu huanza mara nyingi kwa kuzipambanisha na Raji ndani ya panya. Nayasema haya kwa heshima, kwa kuwa watoto wale, ambao wengi wa kizazi chao hawakupona, wameacha kitu kinachowatibu watu wa mabara yote.

Kinachoniuma ni kwamba zaidi ya miaka 60 imepita na bado tunafikiri kazi hii ni ya kwingine. Kinyama kinakatwa hapa, utaalamu unakaa huko. Haki yatudai tuseme pia kwamba mambo yameanza kusogea, kwani katika miaka ya karibuni watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani wamepata koo mpya za limfoma ya Burkitt kutoka kwa watoto wa magharibi mwa Kenya. Huo ni mwanzo mwema, nami naomba uwe desturi ya hospitali zetu kubwa badala ya kuwa mradi unaokwisha fedha zake zikiisha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusitumie tu hizo za zamani. Kwanza, zimezeeka. Seli iliyogawanyika ndani ya chupa kwa miongo sita imejifunza kuishi ndani ya chupa, imeongeza kasoro zake yenyewe, na haifanani tena na uvimbe ilikotoka kama ilivyofanana siku za mwanzo. Pili, nyingi hazina kumbukumbu za kutosha: mtoto alipewa dawa gani, alipata nafuu au hakupata, ugonjwa ulirudi lini. Ukoo wa thamani kuliko yote ni ule unaoanzishwa mara mbili kwa mtoto mmoja, kabla ya matibabu na baada ya ugonjwa kurudi, maana kwa kuzilinganisha seli za awamu hizo mbili ndipo tunapoona saratani ilivyopata ujanja wa kuikwepa dawa. Tatu, maradhi yenyewe hayafanani. Kwa watoto wetu karibu kila limfoma ya Burkitt hubeba kirusi cha Epstein-Barr na hukua katika mwili ambao umepigwa na malaria tangu utotoni; kwa watoto wa Ulaya na Marekani kirusi hicho hukutwa kwa wachache tu. Dawa inayopimwa kwa seli za huko pekee inapimwa kwa ugonjwa wa huko.

Kisha lipo suala la saratani ya figo ya watoto, uvimbe wa Wilms, ambao ni miongoni mwa saratani tunazozipokea kwa wingi, mara nyingi tumbo likiwa limejaa. Seli zake ni ngumu sana kukuza, na kwa sababu hiyo watafiti duniani walitegemea koo chache mno. Miongoni mwa hizo, mbili zilizotumika kwa miaka mingi zilikuja kugundulika kuwa si za Wilms kabisa: G-401 ilionekana kuwa ya uvimbe mwingine wa figo unaoitwa rabdoidi, na SK-NEP-1 ikaonekana kuwa ya sakoma ya Ewing. Hebu mtu afikirie kazi ya miaka yote ile, dawa zilizopimwa na makala zilizoandikwa, zote zikizungumzia ugonjwa ambao haukuwamo ndani ya chupa. Kwa hiyo ninapoomba koo za seli ninaomba pamoja nazo ukali wa uhakiki: daktari wa patholojia athibitishe uvimbe tangu siku ya kwanza, alama za vinasaba za seli zilinganishwe na damu ya mtoto mwenyewe, na kila baada ya muda seli zipimwe kama hazijaingiliwa na mikoplasma, kidudu kidogo kisichochafua maji wala kuonekana kwa hadubini ya kawaida, lakini kinachoweza kuharibu matokeo yote bila mtu kujua.

Hata kwa limfoma ya Burkitt, ambayo ni rahisi kuliko nyingine, mtego upo. Kirusi cha Epstein-Barr kina uwezo wa kuzifanya chembe nyeupe za damu za kawaida, zisizo na saratani, zigawanyike bila kikomo ndani ya chupa. Fundi asiyejua anaweza kushangilia ukoo mpya kumbe amekuza chembe za kawaida za mtoto huku zile za saratani zikiwa zimekufa pembeni. Ni lazima seli zichunguzwe kama zina lile badiliko la kromosomu ya 8 na ya 14 ndipo zipewe jina.

Nitaeleza kisa kimoja. Katika hospitali moja nilikowahi kufanya kazi, mtoto wa kiume ambaye saratani yake ya taya ilikuwa imerudi baada ya matibabu alikatwa kinyama kwa mara ya pili. Tulikuwa tumepatana na chumba cha upasuaji kwamba kipande kimoja kiwekwe katika chupa safi yenye maji ya virutubisho na kiletwe juu ya barafu. Nilipoipokea chupa nilikuta kinyama chote kimezamishwa katika formalini, kama ilivyo kawaida ya kila siku, kwa sababu muuguzi wa zamu ile hakuwa ameambiwa. Formalini ni rafiki wa patholojia, maana huutunza umbo la seli usioze, lakini huitunza kwa kuiua. Sikumlaumu yule muuguzi, na wala sina haki ya kumlaumu, kwani mpango ulikuwa wa mdomo tu. Baada ya siku kadhaa mama wa mtoto alinikuta kwenye korido akaniuliza, "Baba, kile kinyama cha mwanangu mmekipeleka wapi?" Nikamjibu kwamba majibu yametoka na kinyama kimehifadhiwa ndani ya nta kwenye kabati letu. Hakuniuliza zaidi, nami sikupata la kuongeza.

Najua watakaosema kwamba kazi hii inahitaji majumba na mitambo tusiyoiweza. Mahitaji ni haya: kabati salama la kufanyia kazi bila vijidudu, inkubeta, sentrifyuji, hadubini, virutubisho, umeme wenye akiba ya betri au jenereta, na naitrojeni ya kimiminika ya kugandisha seli kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Tatizo kubwa mara nyingi hutajwa kuwa hiyo naitrojeni. Lakini Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kinahifadhi mbegu za madume ya ng'ombe katika naitrojeni hiyohiyo, na wahimilishaji huibeba kwa mitungi mpaka vijijini. Kama tumeweza kwa ng'ombe, ambao pia ni riziki yetu, tunaweza kwa watoto. Vilevile watafiti wa malaria na VVU wa Bagamoyo, Kilifi, Kisumu na Entebbe wamezoea kutenganisha chembe nyeupe za damu na kuzigandisha zikiwa hai. Mikono ya kazi ipo, ila haijaletwa karibu na wodi za saratani za watoto.

Zaidi ya mitambo, nasisitiza ridhaa. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks wa Baltimore zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, zikawa ukoo maarufu kuliko wote duniani, na ilichukua hadi mwaka 2023 ndipo warithi wake wakafikia suluhu na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza. Tusianze kwa kosa hilo. Fomu iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na isomwe kwa sauti kwa mzazi asiyesoma, na pale inapobidi aelezwe kwa Kisukuma au Kijaluo. Aambiwe wazi kwamba kukataa hakutapunguza chochote katika matibabu ya mtoto. Aambiwe pia jambo gumu zaidi, kwamba seli zikikubali kukua zinaweza kuendelea kuishi hata mtoto akifariki. Kwa mila zetu neno hilo si dogo. Wapo wazazi watakaolipokea kama faraja na wapo watakaoona halivumiliki, na wote wana haki. Kwa hiyo lisifichwe katikati ya maneno ya kitaalamu. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Ukoo upewe namba, si jina lake. Na seli zikiombwa na maabara ya nje, mkataba wa kuhamisha sampuli, ambao taratibu zetu za utafiti tayari zinaudai, ueleze nani atanufaika iwapo kitapatikana cha kuuzwa, na uhakikishe kwamba nakala ya seli inabaki hapa.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu: kwamba fedha yoyote iliyopo inunue dawa kwanza. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wapone, wakati katika nchi tajiri wanaopona ni zaidi ya 80 na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Pengo hilo linatokana na kuchelewa, kukosea utambuzi, kukatika kwa dawa na kuacha matibabu, na halitazibwa na chupa za seli. Nakubali. Ndiyo maana sitaki hata shilingi moja ya kazi hii itoke kwenye fungu la dawa. Itoke kwenye fedha za utafiti, ambazo kwa sasa hulipia sana usafirishaji wa sampuli zetu kwenda nje. Lakini lipo kundi la watoto ambao dawa zilizopo hazitawaponya hata wakizipata zote kwa wakati, wale ambao ugonjwa umerudi, na kwa hao hatuna budi kutafuta kitu kipya. Tena hospitali inayojifunza kupokea kinyama kikiwa kibichi na kukifikisha maabara ndani ya saa moja au mbili hujikuta pia inatoa majibu bora zaidi kwa kila mgonjwa wake.

Kwa hiyo naziomba Wizara ya Afya, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na vyuo vikuu vya afya vya Dar es Salaam, Moshi na Mwanza waanze na hospitali moja na ugonjwa mmoja, limfoma ya Burkitt, kwa kuwa seli zake hukubali kuelea na kukua kuliko za uvimbe mwingine. Baada ya mafundi kuzoea, waingie kwenye saratani ya jicho, ambayo watoto wetu wengi huletwa nayo jicho likiwa limekwisha kutoka nje, kisha waijaribu ile ngumu ya figo. Vinyama vingi havitakua. Hata kwa wenye uzoefu wa miaka mingi, chupa zinazokufa ni nyingi kuliko zinazoishi, na wafadhili waelezwe hivyo tangu mapema ili wasikate tamaa mwaka wa kwanza. Kila ukoo utakaopatikana ugawanywe na kutunzwa katika majengo mawili tofauti, moja likikatika umeme jingine libaki, na wenzetu wa Kampala, Nairobi na Kigali waweze kuupata bila kuagiza kupitia Ulaya.

Mimi nimestaafu, ila bado nina nguvu za kusimama mbele ya meza ya kazi. Hospitali yoyote itakayokuwa tayari, nitakwenda kwa nauli yangu mwenyewe kukaa na wauguzi wa chumba cha upasuaji, zamu ya mchana na zamu ya usiku, niwaonyeshe chupa ipi ni ya formalini na ipi ni ya kinyama kinachotakiwa kuishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Mwanza